Nembo ya jina tupu inaonekana imebanwa: dalili, vyanzo na namna ya kuitengeneza

Pita kutoka Darajani hadi Mlandege, hapa mjini Zanzibar, huku ukitazama juu ya milango ya maduka. Fonti nyingi zimechaguliwa kwa makini na rangi zimetulia, lakini jina limesukumwa mpaka ukingoni mwa kibao, namba ya simu imelibana kwa chini, na alama ya WhatsApp imejibanza kwenye herufi ya mwisho. Mwenye duka amelipa pesa nzuri na jina lake halisomeki kwa mbali. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi kulitengeneza hakugharimu hata shilingi.

Nembo yenye picha hustahamili msongamano kidogo. Mtu akiona jahazi au tawi la mkarafuu, anajua hicho ni kitu kimoja. Nembo ya maandishi matupu haina pa kuegemea. Ni herufi tu, na ukiweka herufi nyingine karibu yake zinasomeka pamoja: jina la duka, anwani na "Karibuni nyote" vinakuwa sentensi moja. Kinachoitenga ni ukanda mtupu unaoizunguka, ambao hakuna maandishi, mstari, picha wala ukingo unaoruhusiwa kuingia. Ukanda huo naita nafasi ya ulinzi. Itazame khanga: jina, yaani ule msemo wake, limekaa ndani ya mji, ile sehemu ya katikati, na pambo haliligusi. Ndiyo maana aliye nyuma njiani hulisoma bila kusimama.

Hapa chini nimepanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako. Kwa mifano nitatumia neno Ngalawa, kwa sababu lina N kubwa, lina l inayopanda na g yenye mkia, na neno KUSI, ambalo ni herufi kubwa tupu. Ni maneno ya mfano, si biashara ya mtu.

Kabla ya yote: una kipimo?

Kesi nyingi zinazoletwa kwa malalamiko kwamba "nembo haikai vizuri" kumbe hazijawahi kuwekewa kipimo chochote. Aliyetengeneza kadi alikadiria kwa jicho, fundi wa mabango akakadiria kwa jicho lake, na anayeshughulikia Instagram akakadiria kivyake. Au kipimo kipo lakini kimeandikwa "acha milimita 5 kila upande". Kwenye kadi, milimita 5 ni nafasi ya kutosha. Kwenye bango la mita 3 hazionekani hata ukisogea karibu.

Kipimo kitoke ndani ya jina lenyewe, ili jina likikua nacho kikue. Chukua kimo cha herufi kubwa ya kwanza. Kwa jina fupi, nusu ya kimo hicho kila upande inatosha. Kwa jina refu la maneno mawili au matatu, chukua kimo kizima, kwa sababu jina refu likiingizwa kwenye upana uleule herufi zake huwa fupi, na nusu ya kitu kifupi inabaki uzi mwembamba. Kama jina lote ni herufi ndogo, tumia kimo cha n au o.

Tufanye hesabu ya Ngalawa. Kwenye kadi, jina lina upana wa milimita 40 na N ina kimo cha milimita 8. Nusu yake ni 4. Kwa hiyo jina pamoja na nafasi zake mbili za ubavuni linahitaji milimita 48. Sasa mteja anataka bango la upana wa mita 3. Wengi hulipanua jina mpaka mita 3 na kazi imekwisha. Hesabu sahihi ni 40 kwa 48 ya mita 3, yaani mita 2.5. Kwa ukubwa huo N ina kimo cha sentimita 50, nusu yake ni 25, na sentimita 25 mara mbili ndizo nusu mita iliyobaki. Ukishakuwa na uwiano huo huhitaji kukadiria tena, iwe kalamu, kofia au ubavu wa daladala.

Dalili: juu na chini havilingani

Umeweka nembo katikati ya kibao kwa amri ya programu, kompyuta inakwambia iko katikati, na jicho linakataa. Liamini jicho.

Chanzo kikubwa ni kwamba programu haikupima wino, imepima kisanduku. Kila fonti hubeba kimo chake kilichotengwa kwa ajili ya herufi zinazopanda, alama za juu na mikia ya chini, hata kama jina lako halina hata kimoja kati ya hivyo. KUSI haina mkia, lakini mahali pa mkia pameachwa. Kwenye Canva, kwenye Word na kwenye kurasa za tovuti hali ndiyo hii, na Illustrator pia hufanya hivyo kwa kawaida yake. Jaribu: andika g mwishoni mwa KUSI. Kisanduku kisiporefuka chini, ujue nafasi ya mkia ilikuwapo tangu mwanzo na ulikuwa unaipima kama sehemu ya jina.

Tiba ni kuzigeuza herufi ziwe umbo, zisiwe maandishi tena, kisha upime. Kwenye CorelDRAW bonyeza Ctrl+Q, kwenye Illustrator Ctrl+Shift+O, na kwenye Inkscape Ctrl+Shift+C. Weka kwanza nakala ya faili lenye maandishi hai, maana ukishageuza huwezi tena kusahihisha tahajia. Kwa aliye na Canva peke yake, toa PDF, ifungue Inkscape, hakikisha herufi hazikubadilika, halafu endelea.

Ukishageuza, KUSI inapona. Ngalawa haijapona bado. Ule mkia mmoja wa g unashuka peke yake kama milimita 3 chini ya herufi nyingine. Ukipima kati kwa kati kutoka juu ya l mpaka ncha ya mkia, jina zima litaonekana limepanda, kwa sababu uzito wa jina uko kwenye zile herufi zilizokaa juu ya mstari, na mkia mmoja hauna uzito wa kuzivuta. Ukiupuuza mkia kabisa, namba ya simu itakuja kuugonga.

Hapa watu hubishana sana, na mimi msimamo wangu ni kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Ulinzi hupimwa kutoka wino wa mbali kabisa: chini kutoka ncha ya mkia, juu kutoka kichwa cha l. Kuweka katikati hupimwa kwa kiwiliwili cha jina, kuanzia mstari wa kukalia herufi mpaka juu ya N. Kwa hiyo kwenye kibao nafasi ya chini italingana na ya juu ukipima pembeni ya g, na itabana kidogo ukipima kwenye g yenyewe, lakini popote haitapungua kile kima cha chini. Jina lenye mikia mitatu au minne ni kesi nyingine. Hapo mikia ina uzito, na kati yake inashuka. Amua kwa jicho kwa jina lako, kisha andika uamuzi huo ili fundi mwingine asiuanze upya.

Dalili: jina limeegemea upande mmoja

Hii huwapata zaidi waliotanua nafasi kati ya herufi. KUSI ikitanuliwa iwe K U S I, kompyuta huongeza nafasi baada ya kila herufi, hata baada ya I ya mwisho. Kulia panabaki kipande kitupu kisichoonekana, na jina lote linasogea kushoto kwa nusu ya kipande hicho. Kwenye programu za uchoraji, kugeuza herufi kuwa umbo kunamaliza tatizo. Kwenye tovuti, kama umetumia letter-spacing (nafasi kati ya herufi) ya 0.2em, weka margin-right (nafasi ya nje kulia) ya -0.2em; em ni kipimo kinachofuata ukubwa wa fonti.

Kuna chanzo kingine ambacho hakiko kwenye mashine. Herufi kama T, A na O hugusa ukingo kwa ncha au kwa mgongo tu, ilhali K na N husimama na nguzo nzima. Jina linaloanza na T litaonekana lina nafasi kubwa zaidi kushoto, kwa ule utupu ulio chini ya mkono wake. Sogeza kidogo, unywele mmoja au miwili, kisha acha. Usibadilishe kipimo cha nafasi kwa ajili ya hili.

Dalili: nafasi ipo, lakini jina linavunjika vipande

Umeacha nafasi kwa kanuni, hakuna kilichoingia, na bado jina halishikani. Tazama ndani. Nafasi kati ya herufi au kati ya maneno ikizidi ile ya nje, jicho huona vitu kadhaa vilivyotawanyika badala ya jina moja. Herufi zilizotanuliwa ni mtindo unaopendwa sana na hoteli za ufukweni, kuanzia Nungwi mpaka Jambiani, na zinapendeza khasa, lakini zina masharti: nafasi ya nje lazima iwe kubwa kuliko pengo lolote lililo ndani ya jina, na kwa tofauti inayoonekana. Kama pengo kati ya K na U ni sawa na nusu ya kimo cha K, nusu ya kimo haitoshi tena kuwa ulinzi. Panda mpaka kimo kizima au punguza pengo.

Dalili: nembo inatoka ndogo, au kingo zimekatwa

Hapa tatizo liko kwenye faili. Weka rangi yoyote nyuma ya picha ya nembo uone inaishia wapi.

Kama rangi inaonyesha ukanda mpana mtupu kuzunguka jina, maana yake nafasi ya ulinzi imeshaokwa ndani ya faili. Aliyejenga tovuti hakujua, akaongeza nafasi yake juu ya hiyo, na jina likabaki kama punje katikati ya uwanja. Kama rangi inaishia pale pale kwenye wino, faili halina nafasi yoyote na kila mtu analiweka atakavyo.

Suluhisho ni kuwa na mafaili mawili na kuyapa majina yanayojieleza: ngalawa-na-nafasi.svg na ngalawa-bila-nafasi.svg (SVG ni faili la mchoro linalokuzwa bila kuharibika). La kwanza ni la watu wasio na zana za kupima: mwandishi wa gazeti, mdhamini, skuli uliyoisaidia vitabu. La pili ni la wabunifu na wajenzi wa tovuti, na liende pamoja na karatasi ya maelekezo.

Faili la SVG likikatwa ubavuni, angalia kama maandishi yake bado ni hai. Kompyuta isiyo na fonti yako huweka fonti nyingine, jina linapanuka, na kinachotoka nje ya fremu hakionekani. Geuza herufi kuwa umbo kabla ya kutuma.

Na WhatsApp, ambayo ndiyo njia ya nembo nyingi hapa kwetu kufika kwa fundi: ukiituma PNG kama picha ya kawaida, inabanwa, uwazi wa nyuma unapotea na kujazwa rangi. Fundi analiona boksi jeupe, analikata karibu na herufi ili lisionekane, na nafasi yako imekwenda. Itume kama hati. PDF ni bora zaidi.

Dalili: kwenye kompyuta iko sawa, kwenye simu imebanwa

Mjenzi ameandika nafasi kwa pikseli. Skrini ikipungua, ama jina linapungua na nafasi inabaki kubwa, ama menyu ya vistari vitatu inasukumwa mpaka kwenye herufi ya mwisho. Kama jina limeandikwa kwa maandishi hai, tumia em. Fonti nyingi za Kilatini zina herufi kubwa yenye kimo cha karibu 0.7em, kwa hiyo nusu ya kimo ni kama padding (nafasi ya ndani ya kisanduku) ya 0.35em. Pima ya kwako, usichukue yangu kwa upofu.

Tahadhari na asilimia. Kwenye CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa tovuti, padding ya asilimia huhesabiwa kwa upana wa kontena, hata ile ya juu na chini. Ukiandika asilimia 5 ukidhani ni ya kimo cha jina, utapata kitu kingine kabisa kila skrini inapobadilika. Kama nembo ni picha, njia ya usalama ni kutumia lile faili lenye nafasi ndani yake.

Dalili: duara la WhatsApp au Instagram limekula herufi

Jina ni mstatili, na mstatili ukiwekwa ndani ya duara kinachogusa kwanza ni kona. Kupima upana peke yake hakutoshi. Pima mshazari. Ngalawa pamoja na nafasi zake ina upana wa 48. Kimo chake, ukijumlisha mkia na nafasi za juu na chini, ni 19. Mshazari wa 48 kwa 19 ni karibu 51.6. Duara lazima liwe na kipenyo hicho, na 40 ya jina ni kama asilimia 77 ya 51.6. Kwenye picha ya mraba ya pikseli 1,000, jina lisizidi pikseli 770, na mimi ningekaa kwenye 750.

Jina refu halitasomeka humo. Tengeneza toleo la mistari miwili, au herufi ya kwanza peke yake, lakini lihesabu kama nembo ya pili yenye kipimo chake. Usilibane jina la kwanza kwa nguvu.

Dalili: kwenye karatasi ilikuwa sawa, baada ya kuchapishwa imegusa ukingo

Bango la plastiki hukunjwa upindo pembeni na kutobolewa matundu ya chuma ya kupitishia kamba. Aliyepima kutoka ukingo wa kitambaa hakuupunguza upindo. Muulize fundi upindo wake ni sentimita ngapi kabla hujaanza, na upime kuanzia ndani ya matundu.

Kwenye kadi na lebo, kisu cha kukatia huhama. Ndiyo maana huwekwa ziada ya milimita 3 nje ya mstari wa kukata na eneo salama ndani yake. Usijumlishe eneo salama na nafasi ya ulinzi. Chukua lililo kubwa kati ya hayo mawili, linatosha.

Lebo ya viungo ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa sababu ndiyo inayosafiri na mgeni mpaka kwao. Chukua lebo ya kopo la karafuu, upana milimita 60, kimo 35. Weka Ngalawa ya milimita 40 juu yake. Kutoka ukingo wa juu: nafasi 4, kimo cha N 8, mkia 3, nafasi 4. Jumla 19. Zimebaki milimita 16 za kuandika Karafuu, uzito, tarehe ya mwisho ya matumizi na namba ya simu. Zinatosha, kwa herufi ndogo zilizopangwa vizuri. Lakini mara nyingi neno Karafuu huja likapandishwa mpaka chini ya g, kwa hofu kwamba mteja hataliona, na mkia wa g unaingia katikati ya maneno mawili. Kama kweli nafasi haitoshi, punguza Ngalawa iwe milimita 32. N itakuwa 6.4, nafasi itakuwa 3.2, mkia 2.4, na jina na ulinzi wake vitachukua kama milimita 15 badala ya 19. Umepata milimita 4 na hakuna kilichogusana.

Kama jina na neno la chini yake, tuseme Viungo vya Pemba, hutembea pamoja siku zote, yafunge yawe kitu kimoja: amua pengo kati yao mara moja, na nafasi ya ulinzi ianzie nje ya vyote viwili.

Dalili: kibao cha ukutani hakisomeki ukitokea kichochoroni

Mji Mkongwe una shida yake. Vichochoro vya Kiponda na Hurumzi ni vyembamba, hupati pa kusimama mbele ya kibao. Unakijia kwa ubavu. Kitu kikitazamwa kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka mbele, upana wake huonekana nusu, na kimo kinabaki vilevile. Kwa hiyo nafasi za kushoto na kulia husinyaa, na pamoja nazo mapengo ya herufi. Kibao kilichobandikwa ukutani kwenye kichochoro kipewe nafasi ya ubavuni mara mbili ya ile ya juu na chini. Kibao kinachoning'inia kikielekea njia hakihitaji hivyo.

Kama kibao kina fremu ya mbao, pima kutoka ukingo wa ndani wa fremu, na kumbuka kwamba jua la saa tisa huiongezea fremu kivuli. Nyaya na mabomba ya ukutani yahesabu pia, maana jicho huyaona kama mistari. Na kwa kuwa Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, zungumza na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla ya kutundika chochote.

Dalili: safu ya wadhamini imekuwa ugomvi

Kila nembo ina nafasi yake, na ukizijumlisha zote safu haitoshi. Huhitaji kujumlisha. Kati ya nembo mbili jirani tumia nafasi iliyo kubwa, basi. Na usizilinganishe kwa kimo: jina refu likipewa kimo cha nembo ya mviringo litameza nusu ya safu. Linganisha uzito wa macho, kisha weka nafasi.

Dalili: jina la Kiarabu linagongana, la Kilatini halina shida

Biashara, madrasa na misikiti mingi hapa huandika jina kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu pamoja. Hapo kimo cha herufi kubwa hakina maana, kwa sababu Kiarabu hakina herufi kubwa. Lakini kina kipimo cha zamani zaidi. Ibn Muqla, mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, alijulikana kwa kuweka uwiano wa herufi kwa nukta ya kalamu, na alifu ikapimwa kwa idadi ya nukta. Tumia hicho hicho: nafasi ya ulinzi iwe nukta kadhaa za fonti yenyewe, au nusu ya kimo cha alifu.

Pima kutoka nukta iliyo chini kabisa na tumbo la herufi kama jim na ain, si kutoka mstari. Kisanduku cha fonti ya Kiarabu mara nyingi huwa kirefu zaidi kwa sababu kimeacha mahali pa irabu, kwa hiyo kugeuza kuwa umbo ni lazima. Kabla ya kugeuza, mwite mtu anayesoma atazame. Baadhi ya programu huziachanisha herufi au kuzipanga kinyume, na nimeona vibao vimetundikwa hivyo hivyo. Majina mawili yakikaa pamoja, nafasi kati yao iwe ile iliyo kubwa, na pengo hilo liandikwe kwenye maelekezo.

Dalili: kila ukiacha nafasi, mwenye duka anaijaza

Mazungumzo ni haya haya.

"Fundi, mbona hapa umeacha tupu? Mie nimelipia bango zima."

"Bi Mkubwa, hapo ndipo jina lako linaposomeka. Nikiweka vyakula vyote unavyouza, mtu wa kwenye daladala hataliona jina."

"Basi weka namba ya simu tu, hapo pembeni."

Usibishane kwa maneno. Chapisha matoleo mawili kwenye karatasi ya kawaida, moja lenye nafasi na moja lililojazwa, yatundike ukutani, mrudishe mwenye duka hatua ishirini nyuma, na umwombe asome. Mara nyingi huamua mwenyewe. Namba ya simu ipe mstari wake chini, nje ya ukanda, na umwonyeshe kwamba haikupotea.

Kisha mwachie karatasi moja atakayompa fundi yeyote baada yako. Chora jina, lizungushie mstari wa vitone, weka N ya nusu kimo kila upande kuonyesha kipimo, na chini yake andika: "Nafasi ni nusu ya kimo cha N kila upande, kutoka ncha ya mkia wa g na kichwa cha l. Katikati ipimwe bila mkia. Kwenye ukuta wa kichochoro, ubavuni mara mbili. Jina lisichapishwe chini ya upana wa milimita 20. Pahali pasipotosha, punguzeni jina kwanza." Ambatisha mafaili mawili, PDF moja, na jina la fonti.